Sare si Kufungwa: Maneno ya Nusu Alama katika Sataranji

Makala haya yanaeleza jambo ambalo wachezaji wa sataranji hulijua kwa vitendo, lakini sisi wanafunzi wa lugha hatujalishughulikia ipasavyo, nalo ni sare baina ya wachezaji wasiolingana kwa nguvu. Mchezaji mnyonge anapotoka sare na mchezaji hodari, karatasi huandikwa nusu kwa nusu, ilhali ukumbini kila mtu anajua nani amepata na nani amepoteza. Hoja yangu ni kwamba nusu hiyo ya mnyonge inalindwa na kanuni, ila kanuni zenyewe hutekelezwa kwa maneno. Mchezaji hana budi kutamka, kuandika na kutia sahihi. Akikosa neno linalofaa, au akiwa na neno linalokaribiana tu na lile linalofaa, anaweza kuitupa nusu alama ambayo imekwisha kuwa yake.

Mifano yangu nimeiweka katika Kaunti ya Kajiado, na sababu ni ya kiisimu zaidi kuliko ya kimichezo. Upande wa kaskazini wa kaunti hiyo kuna Kitengela, mji ulio takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, uliokua kwa kasi na kujaa watu wa kila kabila. Upande wa kusini-mashariki kuna Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye barabara itokayo Loitokitok kuelekea Taveta. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, kuna wilaya iitwayo Rombo vilevile. Kijana wa Rombo ya Kenya huzungumza Kimaasai nyumbani, na Kiswahili hukisikia kutoka pande zote mbili za mpaka, sokoni na redioni. Mwenzake wa Kitengela hukulia katika Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kiingereza. Tuchukulie kwamba wawili hawa wameketi mbele ya ubao mmoja katika mashindano ya shule za kaunti: yule wa Kitengela amefundishwa na mwalimu wa mchezo kwa miaka kadhaa, na yule wa Rombo amejifunza kwa kuwatazama wenzake. Je, wakifika mahali ambapo hapana mshindi, watapaitaje?

Sare na suluhu

Jina la mchezo wenyewe halina utata. Sataranji limetujia kutoka Kiarabu, nacho kililichukua kutoka Kiajemi, na asili yake ni Kisanskriti, ambamo lilimaanisha jeshi lenye viungo vinne: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Neno shaha, ambalo wapenzi wa ushairi hulijua kama cheo cha bingwa wa malenga, ni lile lile la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Hata ile cheki wanayoitamka watoto wetu wanapomtishia mfalme imetokana na shaha, baada ya kuzunguka Ulaya na kurudi kwetu ikiwa imevaa nguo nyingine.

Kwa upande wa matokeo, Kiswahili kina utajiri ambao hatujaupangia kazi. Magazeti ya michezo ya Tanzania aghalabu hutenganisha suluhu, yaani matokeo ya bila kwa bila, na sare, yaani matokeo yenye mabao sawa. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Kodivaa Januari 2024, Tanzania ilipata 1-1 dhidi ya Zambia na 0-0 dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ya kwanza ni sare na ya pili ni suluhu. Msomaji wa Nairobi angeiita ya pili sare tasa, yaani sare isiyozaa, tamathali ambayo mimi binafsi naiona kuwa miongoni mwa ubunifu mzuri wa watangazaji wetu. Vijana hupenda zaidi kusema droo.

Katika sataranji hakuna mabao, kwa hiyo tofauti hiyo ya Kitanzania haina kazi kama ilivyo. Hata hivyo, asili za maneno haya zinatufaa kwa njia nyingine. Suluhu ni neno la Kiarabu lenye maana ya amani na mapatano, na ndugu zake ni usuluhishi na msuluhishi. Suluhu haiji pasipo pande mbili kukubaliana. Sare, kwa upande wake, ni hali ya kufanana tu, kama sare za shule, na haihitaji ridhaa ya mtu. Tofauti hiyo inalingana barabara na Kanuni za Sataranji za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu. Kuna matokeo ya nusu kwa nusu yanayopatikana kwa sababu wachezaji wamekubaliana, na hayo ningeyaita suluhu. Kuna mengine yanayopatikana mmoja apende asipende, na hayo ni sare bila ya kuwa suluhu. Kwa mnyonge, aina hii ya pili ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa hodari hana sababu ya kupatana naye.

Kufungwa na kukwama

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mchezo huisha kwa ushindi pale mfalme anapotishiwa na hana pa kukimbilia wala wa kumkinga. Waarabu waliisoma hali hiyo kuwa mfalme amekufa, kutokana na mzizi uliotupa mauti na maiti, ingawa baadhi ya wanaisimu huliunganisha neno hilo na Kiajemi kwa maana ya kuduwaa na kuishiwa na hila. Lakini iko hali nyingine inayofanana sana na hiyo. Ni zamu ya mchezaji, mfalme wake hatishiwi, lakini hana hatua hata moja halali, si ya mfalme wala ya kete nyingine. Kanuni zinasema mchezo umekwisha papo hapo, na matokeo ni sare.

Msomaji auchore ubao wa miraba 64, safu zikiitwa a hadi h na mistari 1 hadi 8. Mfalme mweusi yuko peke yake pembeni, h8. Mweupe ana mfalme na malkia, nguvu inayotosha kabisa kushinda. Kwa pupa anamweka malkia g6. Malkia huyo anaitawala g8, anaitawala g7, anaitawala h7, lakini haigusi h8. Mfalme mweusi hatishiwi na hana pa kwenda. Ushindi uliokuwa mkononi umegeuka nusu. Ingekuwa vivyo hivyo kama malkia angewekwa f7. Mwalimu mmoja akitaka wanafunzi wake wasisahau, awaambie kwamba malkia asikae umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme mpweke aliye pembeni.

Sasa turudi kwa kijana wa Rombo, ambaye ndiye mwenye mfalme huyo mpweke. Kabla ya sataranji amecheza michezo gani? Huenda amecheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Huenda amewatazama wazee wakicheza enkeshui, mchezo wa mashimo wa Wamaasai ulio wa ukoo mmoja na bao. Huenda shuleni amelisoma bao lenyewe katika somo la utamaduni wa Waswahili. Katika drafti, asiye na pa kusogeza kete amepoteza. Katika bao la Kiswahili, ambaye safu yake ya mbele imekauka, au asiye na hatua halali ya kucheza, amepoteza vilevile. Bao kwa kawaida halijui sare. Mazoea yote ya mchezaji huyu yanamwambia kwamba kukosa hatua ni kushindwa.

Lugha nayo inamkandamiza. Katika Kiswahili cha kawaida, mtu aliyezuiwa pande zote amefungwa. Na katika Kiswahili cha michezo, timu iliyopoteza imefungwa. Kitenzi ni kimoja. Kijana anautazama ubao, anasema "nimefungwa", na kwa neno hilo amejihukumu. Mpinzani wake, ambaye huenda naye hajui, ananyosha mkono. Karatasi zinaandikwa 1-0.

Kwa kanuni, kijana hajapoteza. Mchezo ulimalizika malkia alipotua g6, na kukiri kushindwa baada ya mchezo kwisha hakuna nguvu. Lakini kanuni hizo hizo zinawataka wachezaji wote wawili watie sahihi kwenye karatasi zote mbili kuonyesha matokeo, na zinasema kwamba matokeo hayo, hata yakiwa na kosa, yatasimama isipokuwa mwamuzi aamue vinginevyo. Kama mwamuzi yuko meza ya kumi na tano akisuluhisha ugomvi wa saa, nusu alama imekwenda, na sahihi ya mwenyewe ndiyo iliyoipeleka.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuiite hali hii mkwamo, na mfalme wake tuseme amekwama. Gari lililokwama matopeni halijaharibika, na halijashindwa mashindano, limekosa tu namna ya kusogea. Neno kufungwa liachwe kwa anayepoteza. Najua wapo watakaosema kwamba mkwamo hutumiwa sana kwa mambo ya kisiasa, hususan mazungumzo yanapokosa ufumbuzi. Sioni dhara. Huko nako hakuna aliyeshinda.

Isidhaniwe kwamba hukumu ya mkwamo ilishuka tangu mwanzo kama ilivyo leo. H. J. R. Murray, katika kitabu chake cha historia ya sataranji cha mwaka 1913, anaonyesha jinsi ilivyobadilika. Katika sataranji ya Waarabu wa kale, aliyemkwamisha mwenzake kwa kawaida alihesabiwa mshindi, hukumu iliyo karibu na ya bao letu. Uingereza kwa karibu karne mbili, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, walikwenda upande wa pili kabisa: aliyekwamishwa ndiye aliyeshinda, kana kwamba hodari anaadhibiwa kwa uzembe wake. Hukumu ya nusu kwa nusu ndiyo iliyotulia baadaye duniani kote. Kwa hiyo mzee wa Rombo akimwambia mjukuu wake kwamba asiye na hatua amepoteza, hasemi upuuzi. Anasema sheria ya mchezo mwingine, na iliyowahi kuwa sheria ya mchezo huu.

Mkwamo ndio unaoyapa uhai mapambano ya mwisho ya mnyonge. Mweupe akibaki na mfalme na askari mmoja tu wa safu ya a, na mfalme mweusi akawahi kuingia pembe ya a8, hakuna bingwa wa dunia awezaye kumtoa. Askari akifika a7 na mfalme mweupe akiwa a6, mweusi amekwama. Mweupe akirudi nyuma, askari anapotea. Hata akiongezewa askofu, hali ni ile ile iwapo askofu huyo hatembei kwenye rangi ya mraba wa pembe hiyo. Huu ni ujuzi unaofundishika kwa alasiri moja, nao unamtosha mchezaji wa mwaka wa kwanza kumzuia mtu aliyemzidi kwa kila kitu kingine.

Kuomba na kudai

Jozi ya pili ya maneno inahusu namna ya kuipata sare. Vijana wetu husema "naomba sare", au kwa adabu zaidi, wanapocheza na mtu aliyewazidi umri, "mzee, naomba tutoke sare". Kuomba ni adabu njema, na katika lugha yetu huwezi hata kuagiza chai bila ya kitenzi hicho. Lakini mezani kitenzi hicho huficha mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kupendekeza suluhu. Hili huelekezwa kwa mpinzani. Utaratibu ni kucheza hatua yako ubaoni, kutamka pendekezo, kisha kubonyeza saa. Pendekezo haliwezi kuondolewa. Litabaki hai mpaka mpinzani alikubali, au alikatae kwa mdomo au kwa kushika kete kwa nia ya kuicheza, au mchezo umalizike kwa njia nyingine. Kwenye karatasi huandikwa alama ya usawa ndani ya mabano. Mnyonge anayempendekezea hodari suluhu kila baada ya hatua mbili hafanyi unyenyekevu bali usumbufu, na kanuni zinaukataza kwa jina.

La pili ni kudai sare. Hili huelekezwa kwa mwamuzi, nalo ni haki. Hali ile ile ya ubao ikitokea mara ya tatu, mwenye zamu anaweza kudai. Zikipita hatua 50 za kila upande bila ya askari kusogea wala kete kuliwa, anaweza kudai. Kama hali ya tatu itatokana na hatua anayokusudia kuicheza, sharti kwanza aiandike kwenye karatasi, bila ya kuicheza, kisha amtangazie mwamuzi kwamba anakusudia kuicheza hatua hiyo. Akigusa kete kwanza, haki ya kudai katika zamu hiyo imepotea. Dai likiwa la uongo, mpinzani huongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea.

Fikiria kijana wetu amebaki na malkia mmoja dhidi ya jeshi zima, naye anampa mfalme wa mpinzani cheki baada ya cheki, kushoto, kulia, kushoto. Wachezaji huita hali hii kwa jina la Kiingereza la cheki ya daima, na wengi hudhani ni kanuni inayojitegemea. Kanuni za leo hazina kifungu chake. Hupata nguvu kwa kupitia marudio ya mara tatu, na marudio hayo lazima yadaiwe. Kijana akimwambia mpinzani "naomba sare", mpinzani anaweza kutikisa kichwa na kuendelea kucheza, akingoja kijana achoke au saa imwishie. Tangu mwaka 2014 kanuni zimemwongezea mwamuzi uwezo wa kuumaliza mchezo mwenyewe hali ikijirudia mara tano, au zikipita hatua 75 za namna niliyoitaja, lakini kufika huko na dakika moja kwenye saa si jambo la hakika. Kumbe sentensi moja ingetosha: "Mwamuzi, nadai sare, hali hii imetokea mara tatu."

Kuna jambo la kupendeza kwa wapenzi wa semantiki. Kanuni zinasema kila dai la sare la aina hii huhesabiwa pia kuwa pendekezo la suluhu, kiasi kwamba mpinzani anaweza kulikubali hapo hapo bila ya mwamuzi kukagua chochote. Kinyume chake si kweli: pendekezo halihesabiwi kuwa dai. Kudai kumebeba kuomba ndani yake, lakini kuomba hakukubeba kudai.

Nusu isiyolingana na nusu

Kwenye mashindano yanayohesabiwa viwango, kutolingana kwa wachezaji hupimwa kwa tarakimu. Mfumo huo ulibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia nchini Marekani, na FIDE iliupokea mwaka 1970. Kanuni yake ni rahisi: tofauti ya viwango hutabiri mgawo wa alama. Mchezaji wa kiwango cha 1900 akikutana na wa 1500, jedwali linamtarajia wa kwanza avune 0.92 ya alama na wa pili 0.08. Wakitoka sare, wa pili amepata 0.42 zaidi ya matarajio. Tarakimu hiyo huzidishwa kwa kizio ambacho ni 40 kwa chipukizi aliye chini ya miaka 18 na kiwango cha chini ya 2300, na 20 kwa mtu mzima wa kawaida. Basi kijana anapanda kwa 16.8, na mtu mzima aliyemzuia anashuka kwa 8.4. Hiyo ndiyo nusu kwa nusu inavyoonekana ikipigiwa hesabu.

Kiswahili cha michezo kilikuwa kimekwisha kuliona hilo bila ya jedwali. Nomino sare haibagui, lakini vitenzi vinavyoandamana nayo hubagua. Timu ndogo hulazimisha sare. Timu kubwa hulazimishwa sare, hubanwa, au huambulia sare, na kuambulia ni kupata kidogo baada ya kutarajia kingi. Timu zinazolingana hugawana alama. Mhariri akiandika kwamba kigogo amegawana alama na mchovu, msomaji wa Kiswahili huhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Mfano unaojulikana zaidi wa sare ya wasiolingana ulitokea Reykjavik, Aislandi, Machi 2004, katika mashindano ya michezo ya kasi. Garry Kasparov, aliyekuwa wa kwanza duniani kwa kiwango cha zaidi ya 2800, alikutana na mvulana wa Norway wa miaka 13 ambaye kiwango chake kilikuwa hakijafika 2500. Mvulana alikuwa Magnus Carlsen. Katika mchezo wa kwanza Carlsen, akiwa na kete nyeupe, alimweka Kasparov katika shida na nusura ashinde, kisha ukaisha kwa sare. Mchezo wa pili Kasparov alishinda na kijana akatolewa mashindanoni. Miaka tisa baadaye, 2013, Carlsen alikuwa bingwa wa dunia, na wanaosimulia habari zake hadi leo huanzia kwenye ile nusu. Kwa Kiswahili tungesema Carlsen alilazimisha, na Kasparov aliambulia.